Walinzi wa Msitu, Pokeeni Pongezi

Ukisimama Kilimatinde, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, unaiona nchi ya Bahi imetandazwa chini. Upande wa magharibi, kuelekea Itigi, kuna vichaka vizito ambavyo vikishakatwa ni vigumu kurudi. Mkoa wa Singida una mvua haba, na kila gogo linalogeuzwa mkaa lina gharama.

Ndiyo maana natoa pongezi kwa wanavijiji wa Mgori, mkoa huuhuu. Katika miaka ya 1990 serikali ilikusudia kuufanya msitu wao wa miombo kuwa hifadhi yake. Badala yake, vijiji vitano vilikabidhiwa kazi ya kuusimamia. Wakagawana maeneo, wakatunga sheria ndogo, wakachagua walinzi miongoni mwao. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaja kuipa njia hiyo nguvu nchi nzima.

Hawa ndio wafadhili wa kwanza wa msitu. Mfadhili wa mbali hutoa fedha, na tunamshukuru, lakini mwanakijiji hutoa siku ya kulima. Anaingia porini na panga na chupa ya maji, anafuata njia za ng'ombe, anainama kugusa kisiki aone kama utomvu bado mbichi. Akimkuta mkataji, mara nyingi ni mtu anayemfahamu, pengine shemeji yake. Kumpeleka mbele ya kamati ya kijiji kunahitaji moyo, na moyo huo haulipwi posho.

Mwenye uwezo wa kuchangia aanze na hao: viatu imara, baiskeli za doria, mizinga ya nyuki.