Kasi ya Mmenyuko au Uoni wa Jicho? Uhakiki wa Jaribio la Msalaba katika Maabara za Shule

Jaribio la sodiamu thaiosalfeti na asidi hidrokloriki limezoeleka katika maabara za shule za sekondari, Afrika Mashariki na kwingineko. Msalaba huchorwa kwenye karatasi, bika yenye myeyusho huwekwa juu yake, asidi humiminwa, na mwanafunzi huhesabu sekunde mpaka salfa inayojitenga iufiche msalaba. Kisha moja hugawanywa kwa muda huo, na jibu, 1/t, huandikwa kuwa ndiyo kasi ya mmenyuko. Makala haya yanahoji uandishi huo.

Kwanza, kinachopimwa ni muda wa kufikia kiwango fulani cha ukungu. 1/t huwiana na kasi pale tu kiwango hicho kisipobadilika: bika ileile, ujazo uleule, mwanga uleule, jicho lilelile. Ujazo huohuo ukitiwa katika bika pana zaidi, kina hupungua na msalaba huchelewa kupotea, ilhali mmenyuko wenyewe haukubadilika.

Pili, usahihi hutafutwa pasipo mahali pake. Saa huonyesha sehemu za mia za sekunde, lakini mkono wa binadamu huchelewa kuibonyeza kwa takriban sekunde 0.2. Kuandika sekunde 32.47 ni kudai zaidi ya kilichoonwa. Wakati huohuo, joto la myeyusho mara nyingine halisomwi. Kwa mmenyuko unaohitaji nishati kianzishi ya kilojuli 50 kwa moli, badiliko la nyuzi 1 ya Selsiasi karibu na nyuzi 27 hubadili kasi kwa takriban asilimia 7, yaani zaidi ya sekunde 2 katika muda huo. Darasa linaloanza asubuhi na kumaliza adhuhuri laweza kudhani limepima athari ya ukolezi, kumbe limepima pia athari ya jua.

Tatu, ni suala la tathmini. Alama zikitolewa kwa ukaribu wa jibu na lile la mwalimu, mtahiniwa hujifunza kurekebisha namba badala ya kurudia kipimo.

Jaribio hili lina thamani na halistahili kuachwa. Watunga mitaala waweza kudai mambo matatu yasiyo na gharama kubwa: kila kipimo kirudiwe mara tatu na tofauti zake ziandikwe, joto lisomwe mwanzoni na mwishoni, na mtahiniwa atuzwe kwa kueleza mipaka ya kipimo chake, hata jibu lake likitofautiana na la mwalimu.