Karama Angekuwa na Kigugumizi, Je?

Wengi wetu tulikisoma Kusadikika darasani, tukakariri dhamira na wahusika ili tufaulu mtihani, basi. Swali likija: haki ilishindaje? Unajibu: Karama aliachiwa huru. Unapewa vema. Mimi jibu hilo silikubali, na naomba wenzangu mnisikilize kabla hamjanirushia mawe.

Kitabu hiki cha Shaaban Robert kilitoka 1951. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu elimu ya sheria. Anajitetea mwenyewe kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mpaka mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo mema, wakaishia gerezani. Mwishowe Karama anaachiwa, na wajumbe nao wanafunguliwa.

Tamu kweli. Lakini hebu tuulizane: Karama angekuwa na kigugumizi, je? Mtu huyu kaponea kwenye vitu viwili: ulimi wake na masikio ya mfalme siku ile. Ondoa kimoja, kwisha kazi. Wale wajumbe sita walikuwa na ukweli uleule, lakini wakasota jela mpaka alipotokea msemaji. Haki inayongoja msemaji hodari si haki, ni zawadi ya mdahalo.

Tena hata ulimi hautoshi. Socrates alijitetea mbele ya mamia ya wananchi wenzake mjini Athens, mwaka 399 kabla ya Kristo. Naye alikuwa bingwa wa maneno, lakini alihukumiwa kifo, akanywa sumu.

Ndiyo maana nasema ufunguo wa Kusadikika hauko mwishoni. Uko kwenye shtaka lenyewe. Kwa nini waziri mzima aogope somo la sheria? Kwa sababu anayeijua sheria haombi, anadai. Hapo mzee wetu kapiga penyewe. Mwisho ndio umelegea, maana Karama anarudishiwa uhuru kama hisani, wakati ulikuwa mali yake.

Msidhani haya ni mambo ya nchi ya kusadikika tu. Hapa Tanzania, kwa miaka mingi, hukumu za Mahakama Kuu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mshtakiwa asiyekijua anamwangalia mkalimani usoni ajue kama kapona. Sheria ya Msaada wa Kisheria ikaja 2017, kwa ajili ya asiye na pesa ya wakili. Mwaka 2021 ndipo sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kumbe kigugumizi si cha ulimi peke yake. Kuna cha lugha na cha mfuko.

Sasa tuje kwetu tunaoota kuandika. Riwaya nyingi za upelelezi zinazopita mikononi mwetu zinaishia kwenye pingu: mwovu kakamatwa, hadithi imekwisha. Mimi naona ndiyo kwanza inaanza. Nani atamsikiliza huyo aliyefungwa pingu, hasa kama hajui kusema? Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawakuweka sharti kwamba kwanza aongee vizuri.

Anayeona namwonea Shaaban Robert achukue kalamu anijibu. Nami nina haki ya kusikilizwa, lakini si ya kushinda.