Sauti ya Karagosi

Jeff Dunham, mchekeshaji wa Marekani, huyasemesha makaragosi jukwaani bila kutikisa midomo. Ufundi wake hauna ubishi. Watetezi wake hudai kwamba yeye humdhihaki kila mtu sawasawa. Je, ni kweli? Walter, mzee wa Kizungu, ana kisirani chake mwenyewe. Lakini José ni pilipili ya Meksiko iliyochomekwa kwenye kijiti, na kichekesho ni asili yake. Achmed, gaidi mfu aliyepata umaarufu tangu mwaka 2007, ni mifupa mitupu na lafudhi ya Kiarabu. Karagosi likitukana, bwana wake hulikemea kwa upole, nasi twamwona mstaarabu, ilhali koo ni lake! Huko Afrika Kusini, mwaka 2008, tangazo la milio ya simu lililomtumia Achmed lilipigwa marufuku baada ya raia kulalamika kwamba linawakashifu Waislamu.