Wind River: je, mapafu yanaweza kuganda?

Wind River ni filamu ya mwaka 2017, imeandikwa na kuongozwa na Taylor Sheridan, na huku kwetu Siha bado inazunguka kwenye flashi za watu kama vile imetoka jana. Nadhani najua kwa nini. Ni muvi ya upelelezi yenye theluji mwanzo mwisho, na sisi wa Sanya Juu theluji tunaiona kila asubuhi mawingu yakikubali, ila hatuikanyagi mpaka upate kazi ya mlimani. Kama hujaitazama, ujue nitataja mwisho wake.

Binti anayeitwa Natalie anakutwa amekufa katikati ya theluji, miguu mitupu, mbali na nyumba yoyote. Ni kwenye eneo lililotengwa kwa Wamarekani wa asili, jimbo la Wyoming. Anayemwona ni Cory (Jeremy Renner), mwindaji wa serikali anayefuatilia wanyama wanaoua mifugo. FBI wanamtuma mpelelezi mmoja tu, Jane (Elizabeth Olsen), ambaye hata koti la maana hana. Baadaye tunajua kwamba Natalie alibakwa, akakimbia, na alikimbia kama kilomita 10 usiku kabla ya kuanguka.

Tukio lililonifanya nirudishe nyuma mara tatu ni la posmotamu. Daktari anaeleza kwamba hewa ya baridi kali, ukiivuta kwa nguvu ukiwa mbioni, inapasua mapafu. Yanajaa damu na mtu anazama akiwa nchi kavu. Kwa hiyo, anasema, hawezi kuandika kwamba binti ameuawa. Na bila neno hilo kwenye karatasi, FBI haitaleta kikosi. Hadithi nzima inaning'inia kwenye sentensi moja ya fiziolojia.

Sentensi yenyewe ina walakini. Pua, koo na njia za hewa zimeumbwa kupasha joto hewa tunayovuta, na zinaifanya kazi hiyo vizuri ajabu. Hata nje kukiwa nyuzi 30 chini ya sifuri, hewa inapofika kwenye vifuko vya ndani kabisa vya mapafu inakuwa imekaribia joto la mwili. Ukikimbia na kuhema kwa mdomo, ubaridi unapenya zaidi, njia za hewa zinakauka na kubana. Ndiyo maana pumu ni tatizo kubwa kwa wanariadha wa kuteleza kwenye theluji. Lakini kubana si kuganda. Kutema damu baada ya kukimbia sana kupo, kwa farasi wa mashindano ni jambo la kawaida kabisa, ila chanzo ni msukumo mkubwa wa damu kwenye mishipa midogo ya mapafu, na farasi hao wanatoka damu hata kwenye nchi za joto.

Sasa baridi inauaje? Polepole kuliko muvi inavyotaka. Anayekimbia anatengeneza joto kwa misuli, na ndilo linalomweka hai. Hatari inakuja nguvu zikiisha. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 unatetemeka. Likikaribia 32 akili inachanganyikiwa na kutetemeka kunafifia. Chini ya 28 moyo unaweza kupoteza mapigo yake wakati wowote. Kuna na jambo la ajabu ambalo mwandishi wa filamu ya upelelezi angeligombania: baadhi ya wanaokufa kwa baridi huvua nguo dakika za mwisho, kwa sababu mishipa ya ngozi inafunguka na wanahisi wanaungua. Polisi asiyejua hilo atadhani kuna mtu amewavua. Na kwenye tumbo la marehemu mara nyingi huonekana madoa meusi ambayo daktari Mrusi, Wischnewski, aliyaeleza mwaka 1895. Sheridan alikuwa na hazina yote hii mkononi akachagua mapafu yanayopasuka. Inaonekana vizuri kwenye kioo, sawa, ila ni hasara.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mapafu hayo yanambebesha baridi kosa lote. Waliochunguza maiti wanatofautisha maswali mawili: mwili umeshindwa na nini, na umefikaje hapo. Damu kwenye mapafu inajibu la kwanza tu. Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, kifungu cha 203, iko wazi: ukimtisha mtu kwa nguvu mpaka akafanya kitendo cha kujinusuru, kitendo ambacho yeye mwenyewe katika hali ile angeona ni cha kawaida, na kitendo hicho kikamuua, umesababisha kifo chake wewe. Natalie anaingia humo moja kwa moja. Yule daktari wa kwenye filamu alikuwa na nafasi ya kuandika, hakuandika.

Halafu kuna kichekesho kichungu. Kifo kinachofanana na cha Natalie kipo kweli, na kipo juu yetu hapa. Ukiingia geti la Londorossi kwa njia ya Lemosho, unafika uwanda wa Shira, mita 3,500 na zaidi, ambako oksijeni kwa kila pumzi imepungua sana. Kwa baadhi ya watu mishipa ya mapafu inabana, presha inapanda, maji yanavujia ndani, na mgonjwa anakohoa povu lenye rangi ya damu. Baridi inaongeza presha hiyo, lakini chanzo ni kimo. Daktari Mmarekani Charles Houston alichapisha maelezo yake mwaka 1960, na kabla ya hapo madaktari wengi waliichukulia kama nimonia. Huku chini bado utasikia "baridi ilimwingia kifuani". Dawa ya kwanza ni kushuka, mapema, hata usiku.

Kwa hiyo mpagazi, mgumu kama wanavyoitwana wenyewe, akifia huko na karatasi ikaandika "ugonjwa wa mlima", mimi nataka maswali ya Jane. Alivaa viatu gani? Alilala kwenye hema la aina gani? Mzigo wake ulikuwa ndani ya kilo 20 zinazoruhusiwa? Alipoanza kukohoa, nani alisema apumzike kidogo kisha waendelee kupanda? Povu halijibu hata swali moja kati ya hayo.

Filamu yenyewe inajua hili kwa tumbo kuliko kwa kichwa. Mwishoni Cory anampeleka mbakaji Gannett Peak, mlima mrefu kuliko yote Wyoming, mita zaidi ya 4,200, anamvua viatu na kumwambia akimbie. Jamaa hafiki mbali, anatapika damu ndani ya dakika chache. Kisayansi ni uongo mtupu: kimo hakiui kwa haraka hivyo, na baridi pia haiui hivyo. Kisheria Cory naye ameua, kwa kifungu kilekile, na muvi inatutaka tumpigie makofi. Mimi sikupiga.

Nilichokipenda ni tukio linalofuata. Baba wa marehemu, Gil Birmingham, amekaa nje kwenye baridi, uso ameupaka rangi ya maombolezo, halafu anakiri amejibunia tu, kwani hakubaki mtu wa kumfundisha inavyopakwa. Wanakaa wawili bila kuongea. Kisha maandishi yanatokea: Marekani inakusanya takwimu za waliopotea kwa kila kundi, isipokuwa wanawake wa Wamarekani wa asili.