Sare Mbili, Kombe Moja

Hapa Longisa, ukiitaja klabu ya Gor Mahia ya 1987 mbele ya wazee wetu, jina la mshambuliaji Peter Dawo hutangulia mengine yote. Ni haki yake. Ila kuna neno ambalo siwezi kuliacha lipite: eti K'Ogalo, yaani Gor, walibahatika, kwa kuwa walitwaa Kombe la Washindi la Afrika bila kuishinda Espérance ya Tunis katika fainali hata mara moja. Ni kweli, Tunis ilikuwa 2-2 na Nairobi 1-1. Bahati siioni.

Wakati ule jumla ya mabao ikilingana, bao la ugenini ndilo lililoamua. Gor walipotoka Tunis na mabao mawili, hata 0-0 nyumbani ingewapa kombe. Wageni ndio waliolazimika kuja mbele, na anayekuja mbele huacha uwanja nyuma yake. Huko nyuma kulikuwa na Dawo, hodari wa mipira ya kichwa, ambaye beki hakuthubutu kumpa nafasi ya kuruka. Bao lake la Nairobi liliongeza deni maradufu: Espérance, ambao bao moja lingewatosha, sasa walihitaji mawili ili washinde. Walipata moja.

Kwa nini moja tu? Hapo ndipo ninapowakumbuka walionivutia zaidi kuliko wafungaji: nahodha Austin Oduor, "Makamu", pamoja na Bobby Ogolla, na nyuma yao kipa David Ochieng. Kulinda faida ndogo kama ile ni kazi ngumu kuliko kushambulia. Beki akitoka mapema, anapitwa. Akirudi mno, anamkaribisha adui mpaka mlangoni, na kosa moja linageuza mambo yote. Katikati, Abbas Magongo alikuwa mtu wa kuutuliza mpira miguuni, na kila sekunde aliyokaa nao ni sekunde ambayo mabeki walipumua.

Klabu hii iliwahi kufika fainali ya kombe hilohilo mwaka 1979, ikapigwa na Canon ya Yaoundé mabao manane kwa bila katika mechi mbili. Miaka minane baadaye, mechi mbili za fainali ziliingiza wavuni mwao mabao matatu tu. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kuleta kombe la bara nyumbani. Kwa hiyo wazee wangu wa Longisa wakimtaja Dawo, nami huitikia kwa jina la Makamu.