Kumwacha Tippu Tip Njiani

Uamuzi wa Desemba ulikuwa kosa, na makofi yaliyofuata hayakuurekebisha. Waliofuatilia changamoto ya usomaji ya mwaka jana wanaujua. Msomaji aliyetangazwa kuwa amekamilisha vitabu 12 visivyo vya hadithi alibakiwa na kipengele kimoja tu: simulizi la karne ya 19 kutoka kwa mtu aliyeyaona mambo kwa macho yake. Mkononi alikuwa na Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip, na tayari alikuwa ameshafika sehemu inayosimulia nchi ya Utetera. Wiki ya mwisho akakifunga, akachukua Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, akakimaliza kwa siku chache, jedwali likajaa. Waratibu wakapokea. Mimi nahesabu vitabu 11.

Kazi ya miezi iliyotangulia ilikuwa safi: Wasifu wa Siti binti Saad, Desturi za Wasuaheli, Walter Rodney bila kuruka takwimu, na Mzee Rukhsa ikisomwa kwa jicho la mtu anayejua kwamba rais mstaafu huchagua la kukumbuka. Hapo sina neno.

Turudi Desemba. Tippu Tip aliyaandika maisha yake uzeeni, Unguja, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode, aliyemhimiza, akayageuza kwa herufi za Kilatini na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Zaidi ya miaka 50 baadaye W. H. Whiteley akayatoa upya, Kiswahili na Kiingereza pamoja. Kwa hiyo msomaji wetu alikuwa na kitu adimu sana: mfanyabiashara wa pembe na watumwa anayezungumza naye moja kwa moja, kwa lugha yao wote wawili, bila mkalimani katikati.

Ni kitabu kigumu, nakubali. Tarehe ni chache, majina ya watu na vijiji yanafuatana bila mwenyewe kusimama kukueleza nani ni nani. Pembe anazipima kwa frasila, kwa uangalifu wa mtu anayejua bei. Mateka anawapita harakaharaka. Hapo hasa ndipo msomaji wa vitabu vya aina hii anapotakiwa kupunguza mwendo. Ukimaliza vita vyake na chifu Nsama mwaka 1867, jiulize ni kitu gani kinahesabiwa na kitu gani hakihesabiwi, nawe utakuwa umejifunza juu ya biashara ile jambo ambalo mwandishi hakukusudia kukufundisha.

Kisha inakuja Utetera. Tippu Tip anasimulia jinsi alivyodai udugu na mtawala Kasongo kwa kisa cha bibi aliyetekwa zamani, na jinsi dai hilo lilivyomfikisha kwenye utawala. Anaieleza mbinu yake mwenyewe! Sijui ukurasa mwingine wa Kiswahili wa enzi ile unaoonyesha waziwazi kiasi hicho namna mamlaka yanavyojengwa kwa maneno. Mbele kidogo anatokea Stanley, mvumbuzi wa Kizungu, mwaka 1876, na mkataba wa Tippu Tip kumsindikiza. Stanley aliandika yake, Tippu Tip akaandika yake, na juu ya malipo na ahadi iliyovunjwa hawapatani. Baadaye yapo ya mwaka 1887, Stanley huyohuyo anapomfikia na mpango wa kumfanya liwali wa Stanley Falls chini ya dola ya Kongo ya mfalme Leopold. Huwezi kupata zoezi bora la kuwaweka mashahidi wawili mezani na kuwasikiliza. Msomaji wetu aliondoka kabla ya shahidi wa pili kuingia.

Na alikwenda wapi? Uhuru wa Watumwa ni kitabu ninachokipenda, nisieleweke vibaya. Kilitoka mwaka 1934. Mbotela alikuwa mtoto wa familia ya waliokombolewa, wa Frere Town karibu na Mombasa, makazi ya misheni yaliyoanzishwa miaka ya 1870. Anasimulia kutekwa, safari ya kwenda pwani, jahazi, manowari ya Waingereza na ukombozi. Lakini hakuwamo jahazini. Yale ni mambo ya wazee wake, yaliyomfikia kwa masimulizi, naye akayapa mazungumzo na mpangilio wa hadithi, kiasi kwamba wapo wanaokiweka mwanzoni kabisa mwa historia ya riwaya ya Kiswahili. Shukrani zake kwa Waingereza na misheni nazo zimeelekeza kalamu. Kingefaa kabisa katika kipengele cha kumbukumbu za jamii. Kipengele kilichokuwa wazi kilidai aliyeona.

Waliomtetea walisema: kwa nini tumpe nafasi mwuza watu, tumnyime mtoto wa waliouzwa? Swali hilo ni la haki, na nimelifikiria kwa uzito wake. Basi kama nia ilikuwa kumsikia aliyetekwa, yupo Rashid bin Hassani, Mbisa aliyechukuliwa utotoni akafikishwa utumwani Unguja, ambaye masimulizi yake Margery Perham aliyaingiza katika Ten Africans mwaka 1936. Badiliko hilo ningelisimamia mbele ya yeyote, ingawa ni la Kiingereza. Rashid alikuwamo. Tena ukimsoma Rashid baada ya Tippu Tip, zile nafasi tupu ambazo mfanyabiashara aliziruka zinapata mtu ndani yake. Kwa kumwacha mmoja na kutomtafuta mwingine, msomaji alijikuta na simulizi linalofungwa kwa ukombozi, huku wale waliokuwa ndani ya tukio, mwenye bunduki na mwenye mnyororo, wote hawajasikika.

Sababu ya uamuzi huu naifahamu, na wasomaji wangu wa zamani wamenisikia nikiilalamikia kila mwaka: jedwali linahesabu majalada. Kitabu cha kurasa 90 na cha kurasa 500 vinapata alama moja, basi ikifika Novemba kila mtu anaanza kupima unene kwa vidole. Ndiyo njia hiyohiyo iliyoingiza vitabu vya siri za utajiri katika changamoto zetu. Wachapishaji nao wametusaidia kuharibikiwa: wasifu unatoka mzito, picha za rangi, na nyuma hakuna faharasa, kwa hiyo anayetaka kulinganisha Stanley wa kitabu hiki na Stanley wa kitabu kile anaambiwa, kwa vitendo, asijisumbue. Nitaendelea kulisema hili hadi faharasa zirudi.

Zamani tulikuwa na wasomaji wenye nidhamu zaidi, na wengi wao walikuwa ndiyo kwanza wanajifunza kusoma. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 wa Tanzania walikaa katika vikundi vya elimu ya watu wazima, redio mbele yao na kijitabu mkononi mwa kiongozi. Kilisomwa kwa sauti, kikajadiliwa, watu wakabishana, kisha wakaenda kufyeka nyasi na kuchimba vyoo. Hakuna aliyeulizwa amemaliza vitabu vingapi. Aliulizwa malaria inatoka wapi, na kikundi kikangoja jibu. Na Shaaban Robert, alipotaka kuandika maisha ya Siti, alimfuata Siti mwenyewe akamsikiliza. Msomaji wetu alianza mwaka na wasifu huo wa Siti. Alikuwa na kielelezo chote mkononi tangu Januari.

Waratibu nao wana sehemu yao, kwa sababu kanuni waliiandika wao na wakailegeza wao ili sherehe isiahirishwe. Ninachotaka kwa mwaka huu ni kidogo: kitabu kisichokamilika Desemba kihamie Januari bila aibu, na anayebadilisha kitabu aandike aya moja kueleza kwa nini kipya kinajibu kipengele kilekile. Msomaji wetu ana uwezo. Hayo ya miezi 11 yamethibitisha. Arudi Utetera alipoishia. Kama nakala aliyoazimwa imekwisha kurudishwa kwa mwenyewe, toleo la Whiteley si la kukutana nalo dukani siku hizi, na pa kuanzia kuuliza ni mkusanyo wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.