"Sukuma" na "Vuta": Istilahi za Mkono au za Ndege?

Migodi ya Mwadui, mkoani Shinyanga, na ya Geita ina viwanja vyake vya ndege. Tuchukulie kwamba rubani aliyezoea ndege tiara, yaani ile yenye bawa la kitambaa na upau wa kuiongozea, anafundishwa huko kurusha ndege nyepesi kwa lugha ya Kiswahili. Je, istilahi "sukuma" na "vuta" zitamfaa?

Kwa maoni yetu, hazitamfaa. Upau wa ndege tiara ukisukumwa mbele, pua huinuka. Usukani wa ndege nyepesi ukisukumwa, pua huinama. "Vuta" nalo hupinduka vivyo hivyo. Hata ardhini, mguu wa kulia ukikanyaga, ndege tiara huelekea kushoto, na ndege nyepesi kulia. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Akikosea wakati wa kupaa, rubani huyo hana nafasi ya kujisahihisha, hasa katika nyanda hizo zilizo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi na joto la mchana huidhoofisha ndege.

Kosa si la Kiswahili, bali la mfasiri anayetaja tendo la mkono na kuyaacha matokeo yake. Tunapendekeza "inua pua", "inamisha pua" na "elekea kulia", kwa kuwa maana yake haibadiliki katika vyombo vyote viwili. Walimu na wafasiri wanaombwa kuyapima mapendekezo haya kabla hayajasanifiwa.